Kiti Kimoja cha Illinois: Ni Nani Hasa Humtuma Seneta Washington?

Barack Obama alipofika Kogelo Agosti 2006, hakuwa rais, wala hakuwa ametangaza kuutaka urais. Alikuwa seneta mgeni wa jimbo la Illinois, mwaka mmoja na nusu kazini. Kisumu, yeye na mkewe Michelle walipimwa virusi vya Ukimwi hadharani. Nairobi, katika chuo kikuu, alisema kuhusu ufisadi maneno yaliyowachoma wakubwa serikalini. Mitaani, bia ya bei nafuu iliyouzwa kwa jina la Senator ilipewa jina jipya: ukitaka moja, unamwambia muuzaji akuletee Obama.

Wakati huo Kenya yenyewe haikuwa na seneta hata mmoja. Seneti ya kwanza, ile ya uhuru, iliunganishwa na Bunge la Wawakilishi mwishoni mwa 1966, na hii ya sasa ililetwa na Katiba ya 2010. Vijana wengi walilisikia neno "seneta" kwanza kupitia mtu huyu mmoja. Ukimuuliza mtu Obama alikipataje kiti kile, atakujibu kwamba wananchi wa Illinois walimchagua mwaka 2004. Ni kweli. Lakini kwa miaka 95 ya mwanzo ya jimbo hilo, mwananchi wa Illinois hakuwa na kura ya kumchagua seneta. Aliipata baada ya vituko vingi, na sehemu kubwa ya vituko hivyo ilitokea juu ya kiti hichohicho alichokuja kukikalia Obama.

Tuanze na namna viti vyenyewe vilivyopangwa, maana bila hilo habari nzima inachanganya. Katiba ya Marekani inalipa kila jimbo maseneta wawili, liwe na watu milioni moja au milioni thelathini. Muhula ni miaka sita. Waandishi wa Katiba hawakutaka Seneti nzima ibadilishwe kwa siku moja, wakawagawa maseneta mafungu matatu, na kila baada ya miaka miwili fungu moja hurudi kuomba kura. Viti viwili vya jimbo moja huwekwa katika mafungu tofauti. Ndiyo maana ukiona Wamarekani wa jimbo fulani wanachagua seneta mmoja tu mwaka huu, usidhani mwingine amesahauliwa: zamu yake haijafika. Kila kiti basi kina ukoo wake, fulani akampisha fulani, na ukoo huo unaweza kuufuata hadi siku jimbo lilipoingia katika Muungano.

Illinois iliingia tarehe 3 Desemba 1818. Kiti chake kimoja kiko katika fungu la pili na kingine katika fungu la tatu. Kile cha fungu la pili kina habari zake nzito. Jesse Thomas, aliyekikalia kwanza, ndiye aliyependekeza mwaka 1820 mstari wa kuzuia utumwa usivuke kwenda kaskazini katika nchi za magharibi, isipokuwa Missouri. Miaka 34 baadaye Stephen Douglas, akiwa katika kiti hichohicho, alipitisha sheria ya Kansas na Nebraska iliyoufuta mstari ule, na nchi ikaanza kuteremka kuelekea vita. Kiti kimoja cha jimbo moja kilichora mstari na kikaufuta.

Lakini mimi nataka kukifuata kile cha fungu la tatu.

Katiba ya 1787 ilisema maseneta watachaguliwa na mabunge ya majimbo. Fikra ilikuwa kwamba Baraza la Wawakilishi ni la watu na Seneti ni ya majimbo, kwa hiyo jimbo, kupitia bunge lake, ndilo litakalotuma wajumbe wake. Namna jambo hilo lilivyokwenda tunaiona vizuri Februari 1855, katika ukumbi wa bunge mjini Springfield.

Kiti kilikuwa cha James Shields, mzaliwa wa Ireland. Huyu alikuwa ameshakigombania kwa shida: alipochaguliwa mara ya kwanza mwaka 1849, Seneti ilibatilisha uchaguzi wake kwa sababu alikuwa hajatimiza miaka tisa ya uraia, akarudi nyumbani, akasubiri itimie, akachaguliwa tena mwaka uleule. Aliyetaka kumwondoa sasa alikuwa wakili wa Springfield, Abraham Lincoln, mtu ambaye Shields nusura apigane naye kwa panga za kijeshi mwaka 1842 kwa ajili ya barua za kejeli zilizochapishwa gazetini. Lincoln alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo Novemba 1854, ila akakikataa kiti kile kwa sababu Katiba ya Illinois haikumruhusu mbunge aliye kazini kuchaguliwa seneta. Uchaguzi mdogo wa kukijaza ukachukuliwa na wapinzani wake.

Kura ilikuwa ya wazi. Jina la mbunge linaitwa, naye anamtaja anayemtaka, wote wakisikia. Raundi ya kwanza Lincoln aliongoza kwa kura zaidi ya 40, Shields akimfuata kwa karibu, na mtu wa mbali, Lyman Trumbull, akapata 5. Hizo kura 5 ndizo zilizoamua yote. Zilikuwa za wabunge wa chama cha Democratic waliochukizwa na sheria ya Douglas ya 1854, lakini hawakuwa tayari kumpigia mtu wa chama cha Whig kama Lincoln. Mmoja wao aliitwa John Palmer, mweke akilini. Raundi ziliendelea, kura za Lincoln zikayeyuka, na upande wa Douglas ukamwacha Shields na kumleta gavana Joel Matteson. Lincoln alipoona Matteson anakaribia kushinda, aliwaambia waliobaki naye wahamie kwa Trumbull. Raundi ya kumi Trumbull akapita. Mary, mke wa Lincoln, aliyapokea vibaya: Julia, mke wa Trumbull, alikuwa miongoni mwa wasichana waliomsindikiza siku ya harusi yake, na urafiki wao ukafa pale.

Kwa maoni yangu ule ndio ulikuwa uamuzi mkubwa wa kwanza wa Lincoln, kuliko hotuba zake nyingi. Alikiachia kiti ili hoja ya kupinga utumwa kuenea isipotee. Na kiti hakikupotea: Trumbull alikikalia hadi 1873, akawa mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti iliyoandika maneno ya Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyoufuta utumwa Marekani nzima.

Midahalo saba maarufu ya 1858 kati ya Lincoln na Douglas ilikuwa juu ya kiti cha pili, na inaonyesha kasoro ya utaratibu ule kuliko jambo lolote. Maelfu walisimama juani na kwenye baridi, kutoka Ottawa hadi Alton, kuwasikiliza watu wawili wakijibizana kwa saa tatu. Hakuna hata mmoja katika umati ule aliyeweza kumpigia kura Lincoln au Douglas. Waliwapigia wabunge wa jimbo. Jumla ya kura za wagombea wa Republican, chama kipya cha Lincoln, ilizidi ya upande wa Douglas, lakini mipaka ya maeneo ilikuwa ya zamani na baadhi ya wajumbe wa baraza la juu la jimbo hawakuwa na uchaguzi mwaka ule. Bunge lilipokutana Januari 1859, Douglas alipata kura 54, Lincoln 46.

Turudi kwenye kiti chetu, tuuruke muda. Mwaka 1866 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kunyoosha mambo: mabaraza mawili ya jimbo yapige kura kila moja peke yake, yasipokubaliana yakae pamoja, na yapige kura angalau mara moja kila siku hadi mtu apate wingi. Ilikusudiwa kuondoa mkwamo. Ilichofanya ni kuugeuza mkwamo kuwa kazi ya kila siku. Mwaka 1891 bunge la Illinois lilipiga kura raundi 154 kumpata seneta mmoja. Aliyepita mwishowe ni John Palmer, yuleyule aliyemkatalia Lincoln kura miaka 36 nyuma, sasa akikikalia kiti alichomnyima mwenzake.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau kuhusu raundi zote hizi. Bunge la jimbo lina kazi zake: shule, barabara, kodi, magereza. Likishikwa na uchaguzi wa seneta kwa miezi, kazi hizo zinalala. Na mbunge wa jimbo hakuwa tajiri. Mtu mwenye mshahara mdogo, aliye mbali na nyumbani, ambaye kura yake moja inaweza kumtuma mtu Washington kwa miaka sita, ni mtu anayetafutwa sana usiku.

Hilo lililipuka mwaka 1909. Bunge la Springfield lilikuwa limekwama tangu Januari. Tarehe 26 Mei, raundi ya 95, ghafla William Lorimer, mwanasiasa mzito wa Republican kutoka Chicago, akapata kura 108. Kati ya hizo, 53 zilitoka kwa Democratic. Watu walishangaa, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mwezi Aprili mwaka uliofuata gazeti la Chicago Tribune lilichapisha maungamo ya mbunge mmoja, Charles White: alilipwa dola 1,000 kumpigia Lorimer, na baadaye akapewa mgao mwingine kutoka katika mfuko ambao wabunge waliuita "jackpot", mahali zilipokusanywa hongo za kikao kizima na kugawanywa mwishoni. Ukisoma hilo unaelewa kwamba White hakuwa ametenda jambo la ajabu machoni pa wenzake. Mgao ulikuwa na jina na siku yake ya malipo.

Seneti ilichunguza, na Machi 1911 ikamwacha Lorimer akae, kwa kura 46 dhidi ya 40. Ushahidi mpya ukatokea, kesi ikafunguliwa upya, na tarehe 13 Julai 1912 ikaamua, kwa kura 55 dhidi ya 28, kwamba uchaguzi wake haukuwa halali tangu mwanzo. Angalia maneno hayo. Kufukuza seneta kunahitaji theluthi mbili ya kura. Seneti ilitangaza kwamba Lorimer hakuwahi kuwa seneta, na kwa hilo wingi wa kawaida unatosha. Katiba inalipa kila baraza mamlaka ya kuwa hakimu wa uchaguzi wa wajumbe wake, na kiti cha Illinois ndicho kilichowafundisha Wamarekani jinsi mamlaka hayo yanavyouma.

Mamlaka hayo yalitumika tena juu ya kiti hichohicho. Mwaka 1926 Frank Smith alichaguliwa, sasa na wananchi wenyewe, lakini ikajulikana kwamba kampeni yake ilipokea zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa Samuel Insull, bwana mkubwa wa kampuni za umeme. Smith wakati huo alikuwa mwenyekiti wa tume ya jimbo iliyozisimamia kampuni hizohizo. Seneti ilikataa kumwapisha, na Januari 1928 ikapiga kura 61 kwa 23 kwamba hana haki ya kukaa.

Madai ya kumpa mwananchi kura ya seneta yalikuwa yameshapata nguvu miaka mingi kabla ya Lorimer, na majimbo ya magharibi yalikuwa yameanza kutafuta njia zake. Lakini skandali ya Illinois ilikuwa mezani wakati Seneti ilipokuwa ikijadili, na ni vigumu kusema hapana huku ukichunguza hongo ya mwenzako. Marekebisho ya 17 yalipita Bunge la Marekani Mei 1912 na kuidhinishwa na majimbo ya kutosha Aprili 1913. Tangu hapo seneta huchaguliwa na watu moja kwa moja.

Waandishi wa marekebisho hayo, hata hivyo, waliacha mlango mmoja wazi. Seneta akifa au akijiuzulu, lazima uchaguzi ufanyike. Ila bunge la jimbo linaweza kumruhusu gavana ateue mtu wa kushikilia kiti hadi wananchi wapige kura. Msomaji wa Kenya ataona tofauti mara moja. Kwetu seneta akifariki, kaunti inakwenda kwenye uchaguzi mdogo, kama Machakos Machi 2021, na gavana hana kauli. Illinois imempa gavana wake kauli, na tutaona alivyoitumia.

Kabla ya hapo kiti kilipata siku zake njema. Kuanzia 1951 kilikaliwa na Everett Dirksen, mtu wa mji mdogo wa Pekin, mwenye sauti nzito ya mikwaruzo na nywele zisizotulia. Alikuwa kiongozi wa Republican katika Seneti, chama cha walio wachache. Mwaka 1964 mswada wa haki za raia, uliokusudia kukomesha ubaguzi katika mahoteli, migahawa na ajira, ulizuiliwa na maseneta wa kusini kwa njia ya kuzungumza bila kukoma. Kanuni zilihitaji theluthi mbili, kura 67, kuufunga mjadala, na Democratic peke yao hawakuzipata kwa sababu wa kusini walikuwa wa chama chao. Dirksen alikaa wiki kadhaa akirekebisha vifungu na kuwabembeleza wenzake mmoja mmoja. Tarehe 10 Juni alisimama, mgonjwa na amechoka, akawaambia kwamba wakati wa jambo hili umefika. Jina la Clair Engle wa California lilipoitwa, ukumbi ulinyamaza: alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na hakuweza tena kusema. Aliinua mkono akaonyesha jicho lake, kwa kuwa kwa Kiingereza jicho na ndiyo ya bungeni hutamkwa sawa. Kura zilikuwa 71 kwa 29. Maseneta 27 wa Republican walikwenda na Dirksen.

Nalikumbuka hilo kila ninapomfikiria aliyekikalia kiti miaka 29 baadaye. Mwaka 1992 Carol Moseley Braun alimshinda Alan Dixon katika kura ya mchujo ya Democratic. Wanawake wengi walikuwa wamemkasirikia Dixon kwa kumuidhinisha Clarence Thomas kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Januari 1993 Moseley Braun akaapishwa, mwanamke wa kwanza Mweusi katika Seneti ya Marekani. Hata suruali aliyovaa ukumbini ilizua maneno.

Julai ya mwaka huo alikuwa katika kikao cha kamati wakati Jesse Helms wa North Carolina alipopenyeza hoja ya kuihuisha hataza ya nembo ya chama cha mabinti wa Muungano wa Kusini, nembo yenye bendera ya wale waliopigania utumwa uendelee. Alikimbilia ukumbini, akaomba hoja ile iwekwe kando, akashindwa kwa kura 52 dhidi ya 48. Wengi walipiga kura bila kuisoma. Akasimama tena. Aliwaeleza maana ya bendera ile kwa mtu ambaye wazee wake walimilikiwa chini yake, na akasema hatakubali hata ikibidi asimame pale hadi ukumbi ugande kwa barafu. Mjadala ulichukua saa tatu hivi, na maseneta wakaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, kusema wamebadili mawazo. Kura ya pili: 75 dhidi ya 25, upande wake. Mimi sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumjibu anayeuliza kama uwakilishi ni suala la sura tu. Maseneta walewale, siku ileile, mswada uleule. Kilichoongezeka ukumbini ni mtu mmoja aliyejua.

Alishindwa mwaka 1998 na Peter Fitzgerald wa Republican, ambaye hakugombea tena, na mwaka 2004 Obama akakichukua kiti kwa asilimia 70. Hapo ndipo tulipoanzia. Tarehe 16 Novemba 2008, akiwa rais mteule, Obama alijiuzulu useneta, na kiti kikaangukia mikononi mwa gavana Rod Blagojevich.

Polisi wa shirikisho walikuwa wakiisikiliza simu yake. Walimsikia akisema ana kitu cha dhahabu na hatakitoa bure: alitaka cheo, kazi yenye mshahara mnono, au michango. Tarehe 9 Desemba alikamatwa nyumbani kwake alfajiri. Karne moja baada ya Lorimer, kiti kilekile kilikuwa sokoni tena, ila sasa muuzaji alikuwa mmoja badala ya bunge zima.

Sheria, hata hivyo, ilikuwa haijamvua madaraka. Tarehe 30 Desemba akamteua Roland Burris, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Katibu wa jimbo, Jesse White, akakataa kutia saini hati ya uteuzi, na kanuni ya Seneti inadai saini mbili. Tarehe 6 Januari 2009 Burris alikwenda Washington na karatasi yake, akakataliwa mlangoni, akarudi nje kuwahutubia waandishi katika mvua ya baridi. Mahakama ya Juu ya Illinois ikaamua kwamba uteuzi ni halali kwa saini ya gavana peke yake, na Januari 15 Burris akaapishwa. Wiki mbili baadaye baraza la juu la jimbo lilimwondoa Blagojevich kwa kura 59 bila kupingwa. Alihukumiwa miaka 14. Rais Donald Trump alimpunguzia kifungo mwaka 2020 na kumsamehe mwaka 2025.

Burris alikuwa seneta wa sita Mweusi katika historia yote ya Marekani, na wa tatu kutoka kiti hiki kimoja. Inauma kwamba uteuzi wake uliingia kupitia mkono ule.

Kesi haikuishia hapo. Wananchi wawili walishtaki, wakidai Marekebisho ya 17 yanalazimisha uchaguzi, na mteule wa gavana hawezi kukaa hadi mwisho wa muhula. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubaliana nao. Kwa hiyo Novemba 2010 mpigakura wa Illinois alikuta kwenye karatasi moja chaguzi mbili za kiti kimoja: ya kumalizia wiki chache za muhula wa Obama, na ya miaka sita iliyofuata. Mark Kirk wa Republican alishinda zote mbili. Walioona upuuzi wa kupiga kura mara mbili siku moja hawakuelewa kilichokuwa kikilindwa: kwamba gavana anashikilia kiti tu, hakimiliki.

Kirk alishindwa mwaka 2016 na Tammy Duckworth, mzaliwa wa Bangkok, rubani wa helikopta ya jeshi aliyepoteza miguu yote miwili Iraki mwaka 2004. Kiti cha pili, kile cha Thomas na Douglas, kimekuwa cha Dick Durbin tangu 1997, naye alitangaza Aprili 2025 kwamba hatagombea tena. Aprili 2018 Duckworth akawa seneta wa kwanza kujifungua akiwa kazini. Kanuni za Seneti hazikuruhusu watoto ukumbini, na seneta hawezi kupiga kura asipofika mwenyewe, kwa hiyo wenzake wakabadilisha kanuni. Siku iliyofuata aliingia kwa kiti chake cha magurudumu, binti yake wa siku kumi amefunikwa mapajani, akapiga kura ya hapana juu ya uteuzi wa mkuu wa NASA, shirika la anga za juu, akatoka. Muhula wake wa sasa unaisha Januari 2029, na zamu ya wananchi juu ya kiti hicho itafika tena Novemba 2028.